Safari, Makanisa ya Kale na Imani ya Mtoto Wetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyeshika mwenendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Wazazi wetu, walezi na wanafunzi wapenzi, kila inapokaribia likizo ya Juni na ile ya Desemba kuna suala moja ambalo huletwa kwa walimu wa madrasa, mara kwa barua, mara kwa simu, na mara nyingine mzazi hulisema akiwa amesimama mlangoni anamsubiri mwanawe. Shule zetu za huku Wazo, Tegeta, Madale na Boko hupenda kuwapeleka watoto ziara ya kimasomo, na mahali panapochaguliwa mara nyingi ni Bagamoyo, au Unguja kwa shule zenye uwezo. Bagamoyo kuna misheni ya kale ya Wakatoliki. Unguja kuna kanisa la Mkunazini lililojengwa penye soko la watumwa. Mzazi anauliza: Je, mwanangu aingie humo? Akiingia, imani yake itabaki salama? Na asipoingia, je, abaki nje peke yake kwenye basi huku wenzake wanaandika maelezo ya mtihani?

Majibu tunayoyasikia mitaani ni mawili. La kwanza linasema: "Haingii, basi, na asiulize." La pili linasema: "Huo ni utalii tu, hauhusiani na dini." Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yanamwacha mtoto bila elimu. La kwanza linamfundisha kuogopa jengo. La pili linamfundisha kwamba kuna sehemu za maisha ambazo dini yake haina neno la kusema. Katika makala hii tunataka kutoa maoni yetu, na kuyajengea hoja, ili mzazi atakapotia saini ile karatasi ya ruhusa, au atakapokataa kuitia, ajue anafanya nini.

DINI INASEMAJE?

Tuanze na Qur'ani Tukufu. Katika Suratul Hajj aya ya 40, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, akieleza kuwa lau si Yeye kuwazuia watu wengine kwa wengine, nyumba hizo zingebomolewa. Katika Suratul An'aam aya ya 108 tunakatazwa kuwatukania watu wale wanaowaabudu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga. Na katika aya nyingi, mojawapo ikiwa ya 9 ya Suratur Ruum, tunahimizwa kutembea katika ardhi na kuangalia mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Kwa hiyo kusafiri na kutazama athari za watu wa kale ni jambo ambalo Kitabu chetu kimelihimiza.

Tuje kwenye Sunna. Wapo Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha, kwa mfalme Mkristo, na wake wawili wa Mtume (S.A.W.), Ummu Salama na Ummu Habiba (R.A.), walikuwa miongoni mwa waliohamia huko. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba wakati Mtume (S.A.W.) yu mgonjwa, mama zetu hao walimsimulia juu ya kanisa waliloliona Habasha, lililoitwa Maria, na uzuri wake na picha zilizokuwamo. Mtume (S.A.W.) akaeleza kosa la watu wale: akifa kwao mtu mwema, hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake na kuweka humo picha hizo. Tunaomba msomaji aitafakari Hadithi hii vizuri. Mama zetu waliona, wakakumbuka, wakasimulia kwa uwazi, na Mtume (S.A.W.) akawafundisha pale palipo na kosa. Lililokemewa ni tendo la kuabudia makaburini na kuweka mapicha. Hakuna katika mapokezi hayo karipio kwa mama zetu kwa sababu ya kuwa waliliona kanisa.

Katika sira imepokewa pia habari ya ujumbe wa Wakristo wa Najran waliokuja Madina. Walipokelewa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), na ulipofika wakati wa sala yao waliachwa wakasali wakielekea mashariki. Tofauti ya itikadi ilibaki pale pale na ikajadiliwa waziwazi, lakini adabu haikuvunjwa.

Je, hakuna tahadhari? Ipo, tena nzito. Bukhari ametaja kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwaambia Wakristo kuwa hatuingii makanisani mwenu kwa sababu ya masanamu yaliyomo. Ametaja pia kuwa Ibnu Abbas (R.A.) alikuwa akisali ndani ya kanisa, isipokuwa lile lenye masanamu. Kutokana na mapokezi kama haya wanazuoni wakatofautiana. Wanazuoni wa Hanafi wengi wameona ni karaha kuingia. Katika Hanbali, Ibnu Qudama ametaja kuwa hapana ubaya kuingia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, iliyoenea pwani hii yote, wamesema isiingiwe bila ruhusa ya wenyewe, na wapo waliokataza palipo na picha. Na kwa jumla wanazuoni wametahadharisha vikali kuingia siku za sikukuu zao kwa nia ya kushiriki ibada.

Kwa hiyo mzazi anayesema "sitaki mwanangu aingie" ana wanazuoni nyuma yake, na hapaswi kuchekwa wala kuitwa mtu wa zamani. Na mzazi anayesema "aingie, aone, atoke" naye ana wanazuoni nyuma yake, na hapaswi kuambiwa kwamba amemuuza mwanawe. Lile ambalo hakuna mwanachuoni aliyelihalalisha ni kushiriki ibada yenyewe.

MSAFIRI WETU ALIFANYAJE?

Kuna mfano mmoja ambao tunaupenda sana, kwa sababu unamhusu mtu aliyefika pwani yetu. Ibnu Batuta, mzaliwa wa Tanja huko Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akauona mji na watu wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1330 alifika Konstantinopoli, mji mkuu wa Wakristo wa Mashariki. Alitembezwa mjini na mwenyeji aliyepewa na mfalme, akaingia katika nyumba za watawa, akatazama na kueleza aliyoyaona. Lakini alipofika kwenye kanisa kubwa la Aya Sofia, aliambiwa kwamba kila aingiaye hana budi kusujudia msalaba. Hakuingia. Aliandika kuwa anaeleza la nje tu, kwani ndani hakuona.

Tazameni hekima hiyo. Palipokuwa hapatakiwi kwake ila kutazama, alitazama. Palipotakiwa sujudu, alisimama mlangoni. Hakutukana, wala hakujificha, na wala hakudai kuwa ameona asichokiona. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuielewa bila kitabu kikubwa: macho yangu naweza kuyapeleka, sujudu yangu ina Mwenyewe.

BAGAMOYO: NUSU YA HADITHI NA NUSU YA PILI

Sasa tuingie Bagamoyo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868 wakitokea Unguja. Walinunua na kupokea watumwa, wakawaweka katika kijiji cha waliokombolewa, wakawafundisha kazi za mikono, kilimo na dini yao. Kanisa la kwanza likajengwa mwaka 1872. Mwezi Februari mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapo na kulazwa katika mnara wa kanisa hilo kabla ya kuvushwa Unguja na hatimaye kuzikwa London. Kanisa kubwa lililopo sasa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Kuna makumbusho, na ndiyo sababu shule zinakwenda.

Mwanafunzi wetu akisikia habari hizi tu, atatoka na picha ifuatayo kichwani: kulikuwa na Waislamu wafanyabiashara ya watumwa, na kulikuwa na Wakristo wakombozi. Mzazi anayehofia ziara hizi hofu yake kubwa ni hapa. Wala si hofu ya bure. Lakini dawa ya nusu ya hadithi ni kumpa mtoto nusu ya pili.

Nusu ya pili ipo mji huo huo. Ni habari ya Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa Bagamoyo angali mtoto, mtumwa kutoka Manyema, nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Alinunuliwa na familia ya Kiarabu ya mjini hapo. Alisoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa Twariqa ya Qadiriyya, na watu wakamfuata kutoka mbali. Mwaka 1916, Waingereza walipoushika mji, aliwekwa kuwa Liwali wa Bagamoyo. Akafariki mwaka 1931. Mtoto aliyefika mjini kama bidhaa alikuwa sasa ndiye anayeketi mbele, na watoto wa wale waliokuwa mabwana wakimsikiliza. Je, ni wanafunzi wangapi wanaokwenda Bagamoyo na kurudi bila kulisikia jina lake?

Na hata katika ile habari ya Livingstone kuna Waafrika ambao majina yao hupita haraka. Livingstone alifariki mwezi Mei mwaka 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo. Waliokausha mwili wake na kuubeba kwa muda wa miezi tisa hivi mpaka pwani waliongozwa na Chuma na Susi. Huyo Susi, wakati ule, jina lake lilikuwa Abdullah. Alibatizwa baadaye, mwaka 1886. Amana ile aliibeba kwa miguu kutoka bara hadi baharini akiwa na jina la mja wa Allah. Mwanafunzi aliyeyasoma haya akiingia makumbusho, atauliza maswali ambayo mwongoza wageni atayafurahia.

MKUNAZINI NA SWALI GUMU

Pale Mkunazini, Unguja, jambo ni zito zaidi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali soko lilipokuwa. Askofu Edward Steere, mtu aliyekijua Kiswahili vizuri na kuandika vitabu vya kukifundisha, ndiye aliyesimamia ujenzi, naye amezikwa humo humo. Nje kuna masanamu ya watumwa wenye minyororo ya chuma shingoni, kazi ya msanii kutoka Sweden iliyowekwa mwaka 1998. Hakuna mtu mwenye moyo anayesimama mbele ya lile shimo akatoka kama alivyoingia.

Mtoto wa Kiislamu akisimama hapo atauliza: "Ustadh, waliouza ni Waislamu?" Tumjibuje?

Sisi tunasema ajibiwe kweli. Ndiyo, wengi wa waliokuwa na masoko, majahazi na mashamba ya karafuu walikuwa Waislamu kwa jina na kwa sala. Tusifiche. Mtoto aliyefichwa jambo hili na mwalimu wa madrasa, siku akilisoma mwenyewe hatamwamini tena mwalimu wake, hata atakapomfundisha Tawhidi.

Lakini kweli haiishii hapo. Ajue pia kuwa mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na kwamba Wareno nao walisafirisha watu wa pwani hii, hasa kutoka Msumbiji, hadi Brazili. Ajue kuwa Wajerumani waliitawala Tanganyika miaka yote ile bila kuufuta utumwa kisheria, na kwamba sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza, robo karne baada ya Unguja, ambako hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Dhuluma ile ilikuwa na wauzaji na wanunuzi wa dini nyingi.

Na juu ya yote, ajue hukumu ya dini yake. Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa, na imetenga fungu la Zaka kwa ajili ya kuwakomboa. Imepokewa na Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sasa wale waliokamatwa vijijini Nyasa na Manyema, wakafungwa magogo shingoni, walikuwa watu huru au si watu huru? Walikuwa huru. Basi aliyewauza, hata akiwa na kilemba kirefu namna gani, kesi yake iko kwa Allah. Mtoto akielewa hivi, atasimama Mkunazini bila kuona haya kwa ajili ya dini yake, na bila kuwatetea madhalimu kwa sababu tu majina yao yanafanana na yake. Uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu tumeamrishwa katika Suratun Nisaa aya ya 135. Mkunazini ni darasa la aya hiyo.

NA NYUMBA YETU JE?

Hapa tunataka kusema neno ambalo huenda likawa chungu. Tunabishana sana kuhusu kuingia makanisa ya watu, lakini tujiulize, misikiti ya wazee wetu tumeitembelea mara ngapi?

Kunduchi iko hapo chini, haihitaji hata nauli ya maana. Kuna magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi yenye nguzo ndefu ambazo zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mabakuli mengi yameng'olewa yakapotea, yamebaki mashimo ya mviringo kwenye nguzo. Wapo vijana wetu waliozaliwa Wazo, wakahitimu juzuu thelathini, na hawajawahi kufika. Wazungu wanatoka kwao kuja kupiga picha, sisi tunapita barabara kuu kwenda Mwenge.

Kaole, kilomita chache kutoka Bagamoyo mjini, kuna msikiti wa karne ya 13. Kizimkazi Dimbani, kusini Unguja, kuna msikiti ambao maandishi ya Kikufi katika mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na mpaka leo watu wanasali humo. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa kwa makuba karne ya 14, mji ambao Wareno waliupora mwaka 1505. Shirika la UNESCO liliuweka katika urithi wa dunia mwaka 1981. Kwa hiyo pale mtoto anapoambiwa kwamba elimu na ujenzi wa mawe vililetwa na wamisheni au na Wajerumani, jibu si kukasirika. Jibu ni kumpeleka akaguse ukuta uliojengwa miaka mia tano na zaidi kabla ya misheni ya Bagamoyo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya namna hii. Lakini sheria haina macho ya kulinda kila nguzo. Wapendao jengo ndio wanaolilinda. Wakatoliki wa Bagamoyo wameyatunza majengo yao, wamefungua makumbusho, wameweka wa kuwapokea wageni. Hilo tuwasifu, na tujifunze. Wivu wa namna hiyo katika kutunza ni wivu mzuri.

Tahadhari moja iende sambamba. Katika magofu yetu kuna makaburi ambayo baadhi ya watu huyaendea, wakaacha fedha na kumwomba maiti haja zao. Yule mzazi anayeogopa mwanawe asione sanamu kanisani, amwonye pia asiombe mzazi wala riziki kwa mfu wa Kaole. Kuzuru kaburi, kumwombea maiti na kukumbuka akhera ni Sunna. Kuombwa, anayeombwa ni Allah peke yake. Hadithi ile ya mama zetu wawili inatuhusu na sisi.

ADABU ZA ZIARA

Kwa maoni yetu, mzazi aliyeridhia mwanawe azuru, amshike mambo haya:

1. Nia iwe kujifunza na kuzingatia. Mwanafunzi ajue kabla ya kuondoka anakwenda kuona nini, na aandike maswali yake.

2. Asiingie wakati wa ibada yao, wala siku ya sikukuu yao. Akikuta misa inaendelea, angoje nje kwa utulivu.

3. Aingie kwa ruhusa ya wenyewe, avae stara, asipige kelele, asicheke, asinyooshee kidole kitu wanachokitukuza.

4. Asiiname, asipige magoti, asiwashe mshumaa, asijipake maji yao, asifanye ishara yao hata kwa mzaha mbele ya kamera. Mzaha katika haya ni mbaya pande zote mbili: ni dharau kwao na ni hatari kwa imani yake.

5. Sala yake aihifadhi. Kabla ya basi kuondoka, ajulikane ni nani anayejua misikiti ya njiani. Ni aibu mtoto kupitwa na Adhuhuri akiwa anajifunza historia ya dini.

6. Ambaye mzazi wake amekataa, asilazimishwe na asiaibishwe. Tunawaomba walimu wa shule, Waislamu na wasio Waislamu, wampe kazi ya kufanya nje. Pale Bagamoyo kuna njia ya miembe ya kale, kuna makaburi na kuna pwani. Anaweza kuandika mengi bila kuvuka kizingiti.

7. Akirudi, asimulie. Hili ndilo kubwa. Mzazi aketi naye, amuulize aliona nini na aliambiwa nini, amsahihishe kwa upole pale panapohitaji. Kama Ummu Salama na Ummu Habiba (R.A.) walivyosimulia kwa Mtume (S.A.W.), na mtoto wetu naye asimulie kwa mwalimu wake bila kuogopa kupigwa.

Adabu hizi ni zile zile tunazozitaka kwa wanaokuja kwetu. Mgeni akiingia msikiti wa Kizimkazi tunamtaka avue viatu, ajisitiri, asipite mbele ya wanaosali. Mtu hawezi kudai kwake heshima ambayo kwa mwenzake haitoi. Inasimuliwa katika tarehe kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipoingia Baitul Muqaddas alikataa kusali ndani ya kanisa kuu la mji ule, akasali nje yake, akihofia kwamba Waislamu wa baadaye wangelichukua wakisema Umar alisali hapa. Alikuwa mtawala, angeweza kufanya apendalo. Lakini alilinda nyumba ya wengine kwa kutosali ndani yake.

HOJA YA MWISHO: JE, MTOTO HATABABAIKA?

Tunaulizwa: hamuoni kwamba mtoto mdogo akiona mapambo, nyimbo na kuta zile atavutika? Jibu letu ni kwamba umri na elimu viangaliwe. Mtoto ambaye hajajua kwa nini anasema shahada, huyo hata safari ya sokoni inaweza kumbabaisha, na mzazi akimchelewesha hatuna la kumlaumu. Lakini kijana wa kidato cha kwanza, ambaye anaishi nyumba moja ya kupanga na Wakristo, anasoma nao dawati moja, anacheza nao mpira viwanja vya Wazo, anakula nao pilau ya Idi na kuzika nao wazee wa mtaa, huyo hatuwezi kumfungia dunia. Tunachoweza ni kumpa taa. Akifika chuo, au akienda kufanya kazi Mombasa, Kampala au Maskati, hatutakuwa pembeni yake kumwambia ingia au usiingie. Atakuwa na ile kanuni tu tuliyomfundisha angali mdogo.

Tena tunauliza upande wa pili: yule ambaye hajawahi kuona, hajawahi kusikia, na amelelewa kwa woga tu, ndiye mwenye imani madhubuti? Mara nyingi ndiye anayeyumba siku ya kwanza anapokutana na swali. Mti uliozoea upepo mizizi yake hushuka.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa kamati ya madrasa na kwa wazazi ni dogo na linawezekana. Kabla mwanafunzi hajapelekwa na shule yake Bagamoyo au Mkunazini, madrasa impeleke kwanza Kunduchi, asubuhi moja ya Jumapili, na mwalimu amweleze. Kisha siku ya Bagamoyo, Kaole iwemo katika ratiba, na jina la Sheikh Ramiya liwemo katika daftari. Na baada ya kurudi kiwepo kikao kimoja cha kusimuliana. Tukifanya hivi, ile karatasi ya ruhusa haitakuwa tena sababu ya ugomvi baina ya baba na mama. Itakuwa sehemu ya malezi.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhie watoto wetu imani zao, awape macho ya kuzingatia na ndimi za adabu, awarehemu wote waliodhulumiwa katika ardhi hii wakafa bila kujulikana majina yao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosema kweli hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.